Mkimbia marathoni nimegeuzwa njiani, mhasibu mwenye kitambi kafika Uhuru. Nielezeni

#1 Kiatu cha Mkopo
Wakuu, salama? Nina jambo linanikera wiki ya pili sasa, na kazini hawaniachi nikapumua.

Tulipanda Kilimanjaro watu 11 wa ofisi moja, njia ya Machame, siku 6. Mwenye mazoezi kuliko wote ni mimi: marathoni nne za kilomita 42, sivuti, sinywi, uzito wangu wa sekondari ninao mpaka leo. Kila siku nilikuwa wa kwanza kambini. Wenzangu wanaingia saa moja na nusu baadaye, wananikuta nimeshakunywa chai na kulala.

Usiku wa kilele tuliondoka kambi ya Barafu saa sita kasoro. Kwenye saa tisa na nusu kichwa kinataka kupasuka, natapika hata maji, tochi za wenzangu naziona zinayumba kama tuko kwenye ngalawa. Msaidizi wa mwongozaji akaniambia nitembee kwa kugusisha kisigino na vidole, kwenye mstari ulionyooka. Nikatembea kama mtu aliyetoka kupokea mshahara na kuumalizia palepale. Akanigeuza, hakutaka mjadala.

Sasa sikieni waliofika. Mhasibu wetu, kitambi hiki hapa, mazoezi yake ni kutoka mezani kwenda kwenye birika la chai. Na mama mmoja wa masjala tunayemwita Shangazi, ana miaka 59. Wote wawili wana cheti cha Uhuru, mita 5,895. Mhasibu chake kakitia fremu kakitundika juu ya kalkuleta yake.

Swali langu: huu mlima unachagua watu kwa kigezo gani?

#2 Mbavu za Mbwa
Unachagua wenye akiba. Kitambi ni ghala, mkuu.

#3 Mgumu Mstaafu
Jibu umelitoa mwenyewe: "kila siku nilikuwa wa kwanza kambini".

Nimebeba mizigo miaka 7 kabla sijawa msaidizi wa mwongozaji. Sisi mgeni wa namna yako tunamjua getini. Ana saa mkononi inayohesabu mapigo, anauliza rekodi ya njia ni saa ngapi. Jioni ya kwanza tu tunaambiana: huyu atatutembeza usiku.

Pole pole si maneno ya kuwafurahisha wazungu. Ni mwendo ambao unapiga soga bila kukata sentensi katikati. Ukiona unahema kwanza ndipo umalizie neno, umeshazidisha. Na aliyekuacha utangulie alikosea. Mbele anakaa mwenyeji, mgeni anafuata visigino vyake, hata kama vinamuudhi.

#4 Popo Mchana
Mgumu, mbona nyinyi mnatupita mbio na kilo 20 kichwani na hamzimiki?

#5 Mgumu Mstaafu
Kwanza kilo 20 ndiyo mwisho kwa utaratibu wa hifadhi, mzigo unawekwa kwenye mizani getini. Pili, nani kakwambia hatuumwi? Nimemuona kijana safari yake ya kwanza anatapika nyuma ya jiwe Shira, anajifuta, anarudi anacheka, maana akishushwa posho yake inaishia hapo. Tatu, usiku wa kilele wagumu, yaani wapagazi, wengi tunabaki kambini. Wewe unaona tunakimbia Machame na Barranco, hujatuona mita 5,700.

Na msimu ukichanganya, mtu anapanda mara mbili au tatu kwa mwezi. Mwili wake haujasahau ya safari iliyopita.

#6 Bwana Kipimo
Suala ni rahisi tu. Kule juu oksijeni ni asilimia 10, huku chini ni 21. Mwenye misuli mingi anahitaji oksijeni nyingi, mwenye misuli michache anahitaji kidogo. Mhasibu kashinda kwa kubana matumizi, ndiyo fani yake.

#7 Msomi wa Kokoto
Kipimo, hapo umechemka. Oksijeni ni asilimia 21 kuanzia ufukwe wa Tanga mpaka pale kwenye kibao cha Uhuru. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yote. Pale juu ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi unayovuta imebeba karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Matokeo yanafanana na hiyo asilimia 10 yako, ila ukisema hivyo kwenye mtihani unapata sifuri.

#8 Bwana Kipimo
Nimepata nusu basi, kama pumzi.

#9 Nesi wa Zamu
Kiatu, kwanza pole. Pili, huyo aliyekutembeza kwenye mstari mshukuru. Mtu akianza kuyumba namna hiyo huko juu, ubongo umeanza kuvimba. Angekubembeleza "bado kidogo tu, kaza", leo uzi huu angeuandika mtu mwingine kukuhusu.

Mbio zako zilijenga moyo na miguu. Ugonjwa wa mwinuko hauulizi moyo wala miguu. Ukipanda, mwili unaanza kuhema zaidi. Ukihema sana unatoa kabonidayoksaidi nyingi, damu inaelekea kwenye alkali, na ubongo unaamuru punguza kuhema. Ndiyo maana usiku kambini watu wanaacha kupumua kwa sekunde kadhaa, halafu wanashtuka kama wamekabwa. Dawa ya asili ya hilo ni figo: zinamwaga bikaboneti kwenye mkojo, damu inarudi sawa, unaruhusiwa kuhema zaidi. Kazi hiyo inachukua siku, na figo za mkimbia marathoni hazifanyi kazi haraka kuliko za mhasibu.

Ukiona unakojoa sana mlimani, shukuru.

#10 Mbavu za Mbwa
Kumbe wale wanaoamka mara nne usiku kutafuta choo cha Barafu kwenye upepo ndio mashujaa. Mimi nilijikaza mpaka asubuhi nikidhani ni nidhamu.

#11 Dada Rombo
Nina ushahidi wa mwili mmoja, njia mbili.

Mara ya kwanza Marangu siku 5. Angalieni vituo: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mita 1,000 kila siku, kama ngazi za ghorofa, halafu usiku huohuo unaambiwa haya, kilele. Nilifika pango la Hans Meyer nikaketi, nikamwambia mwongozaji aniache nilale kidogo. Nilikuwa namaanisha kabisa.

Mwaka uliofuata nikapanda Rongai siku 7, nikalala siku ya ziada chini ya Mawenzi. Mwili uleule, umri umezidi, mazoezi sifuri maana nilikuwa nanyonyesha miezi michache kabla. Nilifika Uhuru saa moja asubuhi naongea. Kwa hiyo siku, ndugu zangu. Mengine mapambo.

#12 Popo Mchana
Dada, mimi Lemosho siku 8, na niligeukia pale Stella, ukingoni mwa kreta. Siku nilikuwa nazo.

#13 Dada Rombo
Stella ni 5,756, ulikuwa ukingoni kabisa! Ulibakiza saa moja ya kutembea tambarare.

#14 Popo Mchana
Tambarare kwa aliyekaa kitini. Nilikuwa nahesabu hatua kumi, nasimama. Mwongozaji akanitazama kucha kwa tochi, akaniambia leo cheti chako ni cha kijani, si cha Uhuru, twende.

#15 Toka Sirimon
Wadau wa Tanzania, hamjambo. Huku Mlima Kenya tuna mtindo wetu wa kujiumiza. Asubuhi uko Nairobi, jioni umelala kambi ya Old Moses mita 3,300. Kesho yake unapita bonde la Mackinder mpaka Shipton's, 4,200. Usiku unaamka kwenda kilele cha Lenana, 4,985. Siku tatu watu wamerudi kazini. Mimi pale Shipton's niliona mbilikimo wawili wanakunja hema langu.

Rafiki yangu alipitia Chogoria, akatembea polepole juu ya bonde la Gorges, akalala karibu na ziwa Michaelson, akafika bila hata kichwa kuuma. Naunga mkono Dada. Lakini ndugu huyohuyo alikwenda Kilimanjaro siku 7 akashushwa kwa kile kitoroli cha tairi moja. Sasa sijui niseme nini.

#16 Mbavu za Mbwa
Sema tu kwamba wetu mrefu.

#17 Toka Sirimon
Nyinyi mna mlima mmoja wa kutembea. Batian, kilele chetu kirefu kuliko vyote, bila kamba hufiki. Tuyaache hayo.

#18 Babu Kihamba
Wajukuu, mnapiga hesabu sana. Mlima una wenyewe.

Wazee wetu walituhadithia kwamba Kibo na Mawenzi, vilele vyetu viwili, walikuwa ndugu. Mawenzi mvivu, moto wake unazimika kila mara, anakwenda kuomba kaa kwa Kibo. Akifika anamkuta mwenzake anatwanga ndizi kavu, anapewa na chakula juu. Kesho anarudi, moto umezimika tena. Siku moja Kibo akachoka, akamshushia mchi kichwani. Mpaka leo Mawenzi amechongoka vile, na Kibo kichwa chake laini.

Kijana wa kwanza hapo juu, wewe kwa Kibo ulikwenda mbio. Umerudi na kichwa gani?

#19 Kiatu cha Mkopo
Shikamoo babu. Kimepasuka, sibishi.

#20 Msomi wa Kokoto
Shikamoo babu. Hadithi tamu, ila wenyewe wa mlima hata wao walitofautiana. Wapo wanaosema Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alimfikisha Mjerumani Hans Meyer kileleni mwaka 1889. Katika maandishi yake Meyer anasema tarehe 6 Oktoba walikuwa wawili tu juu, yeye na Ludwig Purtscheller, na aliyebaki nao kwenye kambi ya juu kabisa ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Lauwo alikuja kutambuliwa kwenye maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989.

Na kuna kitu mnakipita. Meyer alijaribu 1887 akashindwa. Mwaka 1889 tarehe 3 Oktoba alifika ukingoni mwa kreta, akakosa nguvu, akarudi kambini. Siku tatu baadaye akapanda tena akamaliza. Huyo ni mtu mmoja ndani ya wiki moja, kilichobadilika ni kuzoea hewa na kujua njia.

#21 Mwana Pangani
Ngojeni kwanza. Miaka yote naambiwa watu wa pwani tumezoea hewa nzito, mlima hatuuwezi, kumbe aliyelala juu kule na Mjerumani ni wa kwetu Pangani? Rudia hiyo kwa sauti.

#22 Babu Kihamba
Lauwo tunamjua na ukoo wake tunaujua. Mzungu akiandika kitabu chake atamweka nani mbele?

#23 Msomi wa Kokoto
Hoja yako nzito babu. Lakini Meyer huyohuyo alimtaja Mwini Amani kwa jina, hakumficha. Angekuwa na sababu gani ya kumficha mmoja na kumtaja mwingine?

#24 Babu Kihamba
Muulize yeye.

#25 Mbavu za Mbwa
Turudini mlimani jamani. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipouliza ule weupe wa juu ni nini, mwenyeji aliyekuwa anamwongoza alimjibu kwa neno moja: baridi. Huyo ndiye mwongozaji bora kuwahi kutokea. Hakuongeza kitu.

#26 Fundi Saa
Kuna aliyetaja dawa ya ugonjwa wa mwinuko? Sisi tulikuwa sita, wanne tulimeza acetazolamide, wawili wakasema za wazungu hizo. Waliomeza tulifika watatu. Wasiomeza alifika mmoja. Hesabu mtapiga wenyewe.

#27 Bwana Kipimo
Watu sita si hesabu, ni familia.

Halafu hiyo dawa si inaficha tu maumivu? Unajiona mzima kumbe unakufa kimyakimya.

#28 Nesi wa Zamu
Haifichi. Inazisukuma figo kufanya haraka ile kazi niliyoieleza #9, ndiyo maana mtu anakojoa sana na vidole vinamtambaa kama sisimizi. Kinachoficha ni kumeza vidonge vya kichwa kila saa na kusema uko sawa. Mtu asijipimie dozi kwa jirani yake. Aende kwa daktari kwanza, wapo wasiotakiwa kuitumia.

Na Dada Rombo yuko karibu na kitabu kuliko wote hapa. Ushauri unaotolewa ni kwamba ukishapita mita 3,000, kitanda cha kesho kisiwe juu ya cha jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku tatu au nne upumzike. Wekeni njia zote za Kilimanjaro kwenye hesabu hiyo muone inayosalimika.

#29 Popo Mchana
Hakuna.

#30 Fundi Saa
Kiatu, yule mhasibu alimeza?

#31 Kiatu cha Mkopo
Alimeza. Shangazi hakumeza. Mimi sikumeza.

#32 Fundi Saa
Umetuharibia uzi.

#33 Mgumu Mstaafu
Wote mnaoulizia nguvu, kumbukeni Martina Navratilova. Bingwa wa tenisi wa dunia, alikuja Kilimanjaro Desemba 2010, mapafu yakajaa maji, akashushwa kabla hata ya usiku wa kilele. Mwanamke aliyeshinda Wimbledon mara tisa kwa mchezaji mmoja mmoja. Mazoezi alikosa?

#34 Bwana Kipimo
Na Karl Egloff je? 2014 alipanda na kushuka kwa saa 6 na dakika 42. Na Simon Mtuy wetu, 2006, saa 9 na ushee, kajibebea chakula chake. Hao pole pole yao ilikuwa wapi?

#35 Msomi wa Kokoto
Egloff amekulia Quito, mji ulioko mita 2,850, na kupanda milima ndiyo kazi yake. Mtuy ni mtoto wa hukuhuku na kazi yake ilikuwa kuongoza watu juu. Wote wawili miili yao iliujua mlima kabla ya saa kuanza kuhesabu. Halafu wanakaa juu muda mfupi, wanashuka kabla ugonjwa haujapata nafasi. Kiatu alilala huko siku nne, anaukaribisha.

#36 Mbavu za Mbwa
Kwa hiyo dawa ni ama uende pole pole sana au haraka kupita kiasi. Katikati ndipo panapoua. Kama kuoa.

#37 Dada Rombo
Mmegombania kilele kurasa tatu, hakuna aliyetaja bonde la Barranco? Mtu anashuka kutoka mwamba wa Lava Tower kichwa kinamuuma, anaingia kwenye ile misenesio mirefu kama watu wamesimama kwenye ukungu, maji yanapita chini, ukuta mbele, Kibo juu kushoto. Mimi Barranco nililia, na si kwa maumivu. Senesio halidondoshi majani yake makavu, linayavaa kama koti. Lobelia inajifunga usiku, maji yaliyomo ndani yake yanaganda juu tu, chini chipukizi liko salama. Mimea imekaa pale mpaka ikajifunza baridi. Sisi tunakuja na saa ya mkononi.

#38 Popo Mchana
Umenikumbusha kunguru wa shingo nyeupe aliyenipokonya yai pale Barranco mchana kweupe. Sijawahi kuheshimu ndege namna ile.

#39 Nesi wa Zamu
Dada kataja kitu. Kiatu, siku ya Lava Tower ulikaa juu pale muda gani kabla ya kushuka Barranco?

#40 Kiatu cha Mkopo
Lava Tower sikupita.

Goti lilikuwa linanisumbua kidogo, nikaambiwa ipo njia ya chini inayokwenda moja kwa moja Barranco, nikaichukua na mgumu mmoja. Niliwahi kufika sana.

#41 Mgumu Mstaafu
ALAA!

Mkuu umekaa na hiyo siri tangu ukurasa wa kwanza? Siku ile yote imewekwa kwa ajili ya Lava Tower. Unapanda mpaka 4,600, unakula, unakaa, mwili unaonja, halafu unashuka kulala kwenye 3,900. Panda juu, lala chini. Wewe umekwenda kulala tu. Mwili wako umeionja hewa ya namna hiyo kwa mara ya kwanza Barafu, saa chache tu kabla ya kuanza kilele, gizani, kwenye baridi iliyopita nyuzi 10 chini ya sifuri.

Kesi imefungwa.

#42 Bwana Kipimo
Kesi imefungwa. Kiatu, lipa faini.

#43 Kiatu cha Mkopo
Ngojeni. Njia ya chini tulipita watatu: mimi, mgumu na Shangazi.

#44 Bwana Kipimo
Kesi imefunguliwa.

#45 Msomi wa Kokoto
Kwa Shangazi kuna nadharia, sijui kama mtaipenda. Fuvu ni chungu chenye mfuniko. Huko juu ubongo unavimba kidogo kwa kila mtu. Kijana ubongo wake umejaa chungu, hauna pa kwenda, unabanwa. Mtu akizeeka ubongo unasinyaa kidogo, panabaki nafasi, ukivimba unapata pa kukaa. Ni nadharia, haijamalizwa kubishaniwa, lakini imekaa kwenye majarida ya tiba miaka mingi.

#46 Babu Kihamba
Kijana, umesema wazee akili zimetupungua kwa maneno marefu.

#47 Msomi wa Kokoto
Babu, nimesema mna nafasi ya kutosha.

#48 Mwana Pangani
Kesho namtumia huu uzi mama mkwe. Nitawaletea mrejesho nikiwa hai.

#49 Nesi wa Zamu
Nadharia nzuri, ila kuna jambo la kawaida zaidi. Mtu wa miaka 59 haoni aibu kutembea wa mwisho. Hana wa kumuonyesha. Kijana anaumwa Shira, anasema ni njaa. Anaumwa Barranco, anasema ni jua. Wenye mazoezi wana ugonjwa wa pili unaitwa mimi siwezi kuumwa. Kiatu, sema ukweli, kichwa kilianza lini?

#50 Kiatu cha Mkopo
Siku ya pili. Shira.

Kila jioni mwongozaji alikuwa anapita na kile kibano cha kidole cha kupima oksijeni na karatasi ya maswali. Kichwa? Sina. Chakula? Nimekula. Chakula nilikuwa nampa mwenzangu wa hema.

#51 Mgumu Mstaafu
Kibano kinasoma namba, hakisomi uongo. Ndiyo maana sisi tunapita jikoni kuuliza sahani ya nani imerudi imejaa. Mpishi ndiye daktari wa kwanza wa kambi.

#52 Popo Mchana
Mwenzako wa hema alifika?

#53 Kiatu cha Mkopo
Ndiye mhasibu.

#54 Mbavu za Mbwa
Alikula sahani mbili kila siku na bado mnauliza kwa nini alifika!!! Niliwaambia tangu #2. Ghala.

#55 Toka Sirimon
Nimecheka hadi mtoto ameamka.

#56 Fundi Saa
Nje ya mada kidogo: hilo jina lako Kiatu cha Mkopo, ni viatu vya kukodi kweli? Nataka kupanda Septemba, viatu ninunue au nikodi?

#57 Dada Rombo
Koti zito na begi la kulalia kodi. Viatu usithubutu, nunua vyako na uvitembelee miezi miwili kabla. Mguu wa kushuka ndio unaoumia: kutoka Uhuru mpaka kambi ya Mweka ni karibu mita 2,800 za kushuka siku moja, kucha zinagonga mbele kama mlango.

#58 Kiatu cha Mkopo
Vilikuwa vya shemeji. Kucha mbili zimeondoka.

#59 Bwana Kipimo
Mimi ningeshauri uanze na Mlima Meru, ule wa Arusha. Kambi ya Miriakamba 2,514, ya Saddle 3,570, unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, kwa hiyo hata ukitaka kukimbia hukimbii. Ukimaliza unapumzika siku moja unaingia Kilimanjaro mwili umeshaamka.

#60 Popo Mchana
Nilifanya hivyo hivyo kabla ya Lemosho. Ndiyo ileile niliyogeukia Stella.

#61 Bwana Kipimo
Wewe Popo mlima haukutaki tu, kubali.

#62 Popo Mchana
Ndugu zangu wawili wa damu nao waligeuzwa, miaka tofauti, njia tofauti. Nadhani ni ya kurithi. Tumekubali, tunakwenda ufukweni.

#63 Nesi wa Zamu
Hilo si la kucheka sana, kuna miili ambayo haihemi vya kutosha hata ikidaiwa, na yawezekana mkarithiana. Mtu aliyeumwa vibaya mara moja akipanda tena kwa mwendo uleule anatarajiwa kuumwa tena. Ndiyo dalili nzuri kuliko zote za kumtabiri mtu: mara ya mwisho ilikuwaje.

#64 Kiatu cha Mkopo
Wakuu nina mrejesho. Leo nimekwenda masjala, nikamuuliza Shangazi siri yake uso kwa uso, nikamsomea na nadharia ya chungu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu akaniambia alitapika Shira. Akatapika Barranco mara mbili, nyuma ya hema, akafukia na mchanga. Stella hakumbuki alifikaje. Ile picha ya Uhuru iliyoko kwenye meza yake, ameshika bendera anatabasamu, hajui aliyeipiga ni nani. Kasema, "Mwanangu, wewe ulisema, mimi nikanyamaza."

#65 Nesi wa Zamu
Mwambie Shangazi nampenda lakini alikuwa anacheza na kifo. Kutokumbuka si uchovu. Na huyo aliyekuwa naye saa ile alitakiwa kumgeuza kama alivyogeuzwa Kiatu.

#66 Mgumu Mstaafu
Usimlaumu haraka dada. Usiku ule watu 11, wasaidizi watatu au wanne, mmoja ameshuka na Kiatu. Mama ametembea kwa adabu, hajasimama, halalamiki, ukimuuliza anajibu "nzuri mwanangu". Utamgeuza kwa kosa gani? Wanaotutisha ni hao wapole. Mwenye kupiga kelele tunamwona.

#67 Bwana Kipimo
Kwa hiyo tangu #1 tunatafuta kwa nini Shangazi hakuumwa, kumbe aliumwa kama mwenzake.

#68 Msomi wa Kokoto
Chungu changu naomba nirudishiwe.

#69 Mbavu za Mbwa
Mhasibu bado hajaangushwa. Ghala linasimama.

#70 Fundi Saa
Mhasibu alimeza dawa, alikula sahani mbili, alitembea pole pole kwa kuwa hana namna nyingine, na Lava Tower alipita. Kipi kati ya hivyo kilimfikisha?

#71 Dada Rombo
Chagua unachokitaka. Mimi bado nasema siku. Wangekuwa na siku 8 wote 11 wangefika.

#72 Popo Mchana
*anakohoa*

#73 Dada Rombo
Isipokuwa Popo.

#74 Kiatu cha Mkopo
Asanteni wote. Nimeamua kurudi Februari na kazini nimeshatangaza, kwa hiyo kurudi nyuma siwezi. Safari hii nitajibu karatasi ya maswali kwa ukweli. Rongai siku 7 au Lemosho siku 8?

#75 Dada Rombo
Rongai, kukavu zaidi.

#76 Mgumu Mstaafu
Lemosho. Rongai Lava Tower haipo njiani, na wewe una deni nayo.

#77 Babu Kihamba
Lemosho. Na Shangazi akutangulie.